Fundi wa Fremu na Kadi ya Golikipa

Kabla ya kukata kitu chochote, Fundi hukipuliza. Picha ya harusi, cheti cha madrasa, kalenda iliyokwisha mwaka ambayo mwenyewe hakutaka kuitupa: vyote huviweka juu ya meza, akainama, akavipuliza pumzi fupi kama mtu anayepoza chai, kisha akalaza rula ya chuma na kuvuta kisu. Ukanda mwembamba wa karatasi hujikunja na kuanguka ndani ya kopo la maziwa lililo miguuni pake. Hakuna kilichowahi kuingia kwenye fremu zake bila kupunguzwa kidogo. Hata kikiwa sawasawa, yeye hupunguza.

"Nanyoosha tu," husema.

Nimemjua tangu nina meno ya utoto. Duka lake liko mtaa wa Mabawa, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye duka langu la fotokopi na picha za pasipoti, kwa hiyo kila nikiinua macho namwona. Jina analo, na watu wa rika lake hulitumia. Sisi wengine tunamwita Fundi, nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Sitaki mtu aseme nimemtaja. Nataka mtu wa Mabawa asome, kisha amtaje mwenyewe.

Kitu alichokipenda kuliko fremu ni kuhukumu. Mkeka ukipita mbele ya duka lake, aliusimamisha na kuukagua pindo. Mama akipita na sinia la vitumbua, alichukua kimoja, akakitazama chini na juu, akasema kimeungua upande. Kisha akakila. Jirani yake ni mtengeneza baiskeli mmoja mwembamba tunayemwita Spoku, na kazi ya Spoku, ukiacha baiskeli, ilikuwa kucheka. Fundi akitoa hukumu, Spoku anacheka, na waliokaa kwenye benchi lao wanafuata. Ukihukumiwa pale umehukumiwa Mabawa nzima, na jioni habari imekutangulia nyumbani.

Siku hizo bigijii za kutafuna zilikuja na kadi za wachezaji mpira ndani yake. Tulizikusanya wavulana kwa wasichana, tukabadilishana, tukagombana. Ugomvi ukizidi tulikwenda kwa Fundi. Alikuwa na madaraja matatu. Kadi nzuri aliiita "ya kabati". Iliyochoka kidogo ilikuwa "ya mfukoni". Iliyokunjika au kuloa ilikuwa "ya kopo", na hiyo aliidondosha mwenyewe kwenye lile kopo la maziwa, pamoja na vipande alivyokata. Hukuruhusiwa kuitoa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sheria aliitunga yeye.

Nitakuwa mwongo nikisema hakutufundisha kitu. Ni yeye aliyetuonyesha kushika kadi kwa kingo, kidole gumba upande mmoja na cha kati upande wa pili, usoni pasiguswe. Ni yeye aliyetuambia tuitazame ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga, ili mikwaruzo ionekane. Mpaka leo nashika kadi kama alivyonifundisha Fundi, na kila nikishika namkumbuka, na simkumbuki kwa dua.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kwao ni Tongoni, na huko ndiko alikorudi kila likizo, na kila akirudi alileta kitu kidogo: sabuni ya hotelini, kalamu, sarafu yenye tundu. Mwaka mmoja aliniletea kadi. Ilikuwa imefungwa kwenye plastiki, ngumu, inang'aa. Golikipa kijana mwenye jezi ya kijani, karuka upande, ncha za vidole zimegusa mpira.

"Huyu bado hajulikani," mjomba aliniambia. "Mtunze. Miye namwona atakuja kutajwa."

Nikamtunza nilivyojua. Kasha la mama lilikuwa kwao Tongoni, limejaa kanga na leso, na katikati yake mama alikuwa ametawanya karafuu ili wadudu wasiingie. Nikailaza kadi humo, juu ya kanga, bila ile plastiki, kwa sababu nilitaka inukie kama nguo za mama. Nilipokuja kuitoa, karafuu moja ilikuwa imeilalia mgongoni, karibu kabisa na ukingo, na mafuta yake yameacha doa la kahawia. Doa lilikuwa na umbo la karafuu yenyewe, kichwa na mkia, kama msumari mdogo. Nililipenda. Niliona kadi imetiwa muhuri wa kwetu.

Nikaipeleka kwa Fundi nikiwa na uhakika wa kabati.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Una nini leo?"

Akaipokea. Akaipuliza. Akaiinamisha kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha usoni, na safari hii alikaa nayo muda mrefu kuliko kadi yoyote niliyowahi kumwona ameishika. Nilimwona akimeza mate.

"Kakupa nani?"

"Mjomba. Kaitoa Ulaya."

"Ulaya!" Akamgeukia Spoku. "Jamani, njooni muione Ulaya ya Tongoni!"

Spoku akaja na mikono yake ya grisi. "Hii? Mbona inanuka pilau?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Bandia hii," Fundi akasema. "Imechapishwa uchochoroni na mtu mwenye njaa. Mjomba wako kauziwa, au kakudanganya. Ya kopo." Na akaidondosha.

"Nirudishie, Fundi."

"Uchafu wa nini, mwanangu? Utakujazia mende nyumbani."

"Naitaka hivyo hivyo."

"Huyu naye!" Spoku akadakia. "Binti Bandia!"

Jina likanishika kama ukoko kwenye sufuria. Shuleni Binti Bandia. Kisimani Binti Bandia. Wengine hawakujua hata lilitoka wapi. Lakini miye nilikuwa mtoto, na jina la mtoto hufifia. Aliyebaki na dhihaka ni mjomba. Alipokuja mjini, wanaume wa lile benchi walimwuliza: "Bahari gani hiyo unayokwenda weye, ya hapo Pangani?" Mwanzo alicheka nao. Akaenda mwenyewe kwa Fundi kuiomba ile kadi, awaonyeshe. Fundi akamjibu kuwa taka za kopo zilishachomwa. Mjomba akarudi, akakaa ukumbini, akaniambia tu, "Kaichoma." Tangu siku ile hakusimulia tena safari zake. Mtu aliyekuwa akianza hadithi kwa kutaja bandari, tukijua tutacheka mpaka chakula kipoe, akawa anaulizwa habari za huko anajibu, "Kawaida." Niliikosa kadi, ndiyo. Lakini lililonikaa rohoni ni lile "kawaida".

Sasa lazima niseme na hili, kwa sababu picha ya mtu si upande mmoja. Fundi hatozi fremu za marehemu. Mtu akifiwa, tajiri au maskini, Mwislamu au Mkristo, akileta picha ya marehemu wake anatengenezewa fremu nzuri, kioo safi, na fedha inakataliwa. Nimemwona akifunga duka kwenda kuitundika mwenyewe kwa mjane asiye na nyundo. Nimemwona akilia juu ya picha ya mtoto ambaye hakuwa hata wa mtaa wetu. Watu wanampenda kwa hilo, nao hawakukosea.

Mjomba alipofariki, mama alimpelekea Fundi picha yake pekee ya ujana: kasimama kwenye ngazi ya meli, mkono juu ya kamba, na nyuma yake ubavu wenye jina la meli kwa herufi kubwa nyeupe. Fremu ilirudi inang'aa. Mjomba alikuwa katikati kabisa, kuanzia kifuani kwenda juu. Meli haikuwepo.

"Meli iko wapi, Fundi?" nikamwuliza.

"Ilikuwa inavuruga macho," akasema kwa upole. "Nimenyoosha ukingo, uso ukae katikati. Tazama alivyopendeza."

Mama akamshukuru kwa machozi. Miye nikaitazama ile picha: mwanaume aliyeegemea kitu kisichoonekana. Ushahidi wa mwisho kuwa mjomba aliwahi kupanda meli ulikuwa umeingia kwenye kopo la maziwa, bure, kwa wema. Mtaniambia hakukusudia. Naamini hakukusudia. Haikunipunguzia uchungu hata chembe.

Miaka ikapita, nikafungua duka langu, na kadi zikanirudia kwa mlango mwingine. Wapo watu duniani wanaozitafuta kadi za zamani kama wengine wanavyotafuta dhahabu, na hapa kwetu wapo waliozihifadhi bila kujua. Nikajifunza, kidogo kidogo, kisha nikawa naziwasilisha za wengine. Nikueleze inavyokwenda, maana huenda na weye unayo moja kwenye kopo la biskuti.

Zipo kampuni za nje ambazo kazi yao ni kupima kadi. Unaituma, watu wasiokujua na wasiojua ni ya nani wanaikagua kwa lenzi. Wanaangalia kwanza kama ni halisi. Kisha mambo manne: picha imekaa katikati kiasi gani, kona zake ni kali au zimechoka, kingo zake zikoje, na uso una mikwaruzo au madoa. Mwisho wanaipa namba, kumi ikiwa ndiyo ya juu, na kuifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye lebo. Kasha halifunguki bila kuvunjwa. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Usiogope namba ndogo. Kadi iliyopendwa na mtoto haiwezi kuwa kama iliyotoka kiwandani, na wapo wanaozitaka hivyo hivyo. Ila usiifute kwa kitambaa. Usiitie gundi wala kuipiga pasi ya plastiki kama kitambulisho. Usiiweke na karafuu, nisikilize miye. Na juu ya yote usikate ukingo, hata kama umepinda, hata kama una doa. Kadi iliyokatwa hainyimwi namba kubwa tu. Haipewi namba kabisa. Mchungaji mmoja mstaafu kutoka Amani, huko milimani, aliniletea zake zikiwa na kuvu ya msituni, kakata tamaa. Nikamwambia kuvu ni bahati mbaya, lakini kisu ni uongo. Za kwake zilirudi na namba za chini, naye akafurahi kama mtoto.

Haya huwa namweleza kila mteja mara tatu. Mara ya kwanza anasikia, ya pili anaelewa, ya tatu anaamini. Sichoki. Watu wananisifu kwa hilo.

Fundi alivuka barabara baada ya sala ya alasiri. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini mikono bado imetulia. Aliweka leso juu ya kaunta yangu, akaifungua pande nne, na golikipa wa jezi ya kijani akaruka mbele ya macho yangu.

Yule kijana wa mjomba alikuwa ametajwa kweli. Dunia nzima ilimtaja. Ameshastaafu sasa, na kadi yake ya kwanza watu wanaililia.

"Mpwa wangu wa Dar kaniambia hii ni mali," Fundi akasema. "Nakusikia weye ndiye unayezipeleka kwa wazungu."

"Umeitoa wapi, Fundi?" Sauti yangu ilitoka vizuri. Nilijishangaa.

"Ya siku nyingi. Alinipa nahodha mmoja pale bandarini, rafiki yangu. Aliniambia, huyu bado hajulikani, mtunze."

Maneno ya mjomba, kinywani mwake. Kumbe mjomba alimweleza yote siku ile alipokwenda kuiomba. Nilimtazama Fundi machoni nikitafuta haya, sikuiona. Nikatafuta hila, sikuiona pia. Alikuwa ameisimulia habari ya nahodha mpaka ikawa yake. Na miye nilikuwa Mama Zuhura wa fotokopi, mtu wa heshima. Binti Bandia alikuwa amekwisha kumsahau. Kumbe nilimbeba peke yangu muda wote ule.

Nikaishika kwa kingo, nikaigeuza. Mgongoni, pembezoni kabisa, palikuwa na kichwa cha karafuu. Kichwa tu. Mkia haukuwepo, ukingo ulipita juu yake umenyooka kama mstari wa daftari. Nikachukua kadi nyingine ya toleo lile lile, nikailaza juu yake. Ya Fundi ilikuwa nyembamba kwa unywele.

"Fundi, hii uliigusa na kisu?"

"Kulikuwa na doa. Nikanyoosha tu."

Hapo ndipo nilipomweleza. Nilimweleza kwa upole, kwa Kiswahili chepesi: kadi iliyokatwa haipewi namba, wanaipima, watajua.

Akacheka, akageuka kutafuta benchi lake, akakumbuka lipo ng'ambo. "Miye nimepima kadi hapa Mabawa weye hujui kufunga kamba za viatu. Jicho gani litaona mkono wangu? Peleka."

"Haya," nikasema.

Nilimweleza mara moja. Ya pili sikuitia mdomoni, na ya tatu wala sikuifikiria. Pia sikumwambia ni ya nani. Ningeweza kupiga kelele pale pale, angekana, na benchi lingecheka kama lilivyocheka zamani. Nilitaka hukumu itoke kwa watu wasiomjua, iandikwe, ifungiwe.

Nikaituma na za wengine. Muda wote wa kungoja, Fundi alitangaza. Kila aliyepita alielezwa habari za nahodha na mzigo unaokuja kutoka kwa wazungu. Kifurushi kilipofika nilimpigia simu aje achukue faraghani. Ndiyo, nafasi hiyo nilimpa.

"Faragha ya nini?" akasema. "Lete huku, tuifungue mbele za watu."

Nikavuka barabara kwa raha, sitaficha.

Benchi lilikuwa limejaa. Spoku aliacha tairi ndani ya beseni la maji na kuja kusimama. Fundi akakata karatasi ya kifurushi kwa kisu chake, akalitoa kasha, akalipuliza. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Herufi zilikuwa ndogo na za Kiingereza, akanikabidhi.

"Wasomee, Mama Zuhura. Kwa sauti."

"Namba haina, Fundi."

"Haina vipi? Soma kilichopo."

"Yameandikwa mambo mawili tu. La kwanza: ni halisi." Nikaliinamisha kasha kwenye mwanga, nilikuwa nimeingoja hukumu hiyo tangu utotoni, sikutaka ipite haraka. "La pili: imekatwa ukingo."

Fundi akanyoosha mkono alichukue. Sikumpa. Nikaligeuza kasha, nikamwekea Spoku mbele ya pua.

"Hapo pembeni unaona nini?"

Spoku akakodoa. "Doa. Kama… kama kichwa cha karafuu." Kisha taratibu akainua uso, na mara ya kwanza maishani nikamwona Spoku hacheki. "Si ile iliyokuwa inanuka pilau? Lo! Ya Binti Bandia?"

"Ya kwangu. Aliileta mjomba wangu baharia, yule mliyemwuliza kama alikwenda bahari ya Pangani. Mkia wa karafuu ulikatwa ili nisiijue. Wapimaji hawanijui miye wala Fundi. Wanasema ni halisi."

Mzee mmoja kwenye benchi akasema chini chini, "Na ulituambia umeichoma." Fundi alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ameiazima.

"Chukua basi," akasema. "Yako hiyo."

"Nani aliileta, Fundi?"

"Mjomba wako."

"Hawajasikia."

"Mjomba wake ndiye aliyeileta!" Akanigeukia. "Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa nzuri mno. Nilishindwa."

Yalikuwa maneno ya kweli, na labda ndiyo maneno ya kweli kabisa niliyowahi kuyasikia kwake. Wenzangu wengine wangelia naye pale.

"Tutazungumza habari ya kusamehe," nikamwambia. "Kwanza itengenezee fremu. Plastiki hiyo haikatiki, kwa hiyo usihangaike. Lebo ionekane. Kisha itundike hapa hapa dukani kwako, msumari wa mbele."

"Hutaki kwenda nayo kwako?"

"Kwangu nani ataiona?"

Aliifanya, na fremu yake ni nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake. Imetundikwa mbele, karibu na saa ya ukutani, na siku nzima wateja wanaiulizia: huyu si fulani, mbona kadi yake haina namba? Fundi inabidi aeleze. Anaanza na baharia wa Tongoni, kwa sababu anajua kuwa nasikia. Siku nyingine anaeleza vizuri. Siku nyingine, kukiwa na mgeni mwenye heshima, anajaribu kupunguza kidogo, anaiacha karafuu, anaruka kisu.

Siku hizo nafunga mashine ya fotokopi na kuvuka barabara. Namwamkia shikamoo, naishusha kadi kutoka ukutani, na kumweleza mgeni mwenyewe tangu mwanzo. Kwa upole. Mara tatu.